Macho ya Mtakatifu Mamas

Ukitaka kuliona kanisa letu, usipande mlimani, utakuta limefungwa. Njoo mkahawani kwangu, umuulizie Theognosia. Ana miaka themanini na tatu, na ufunguo, mrefu kama mwiko, unakaa mfukoni mwa aproni yake.

Juzi alikuja mgeni kutoka mji mkuu, Nikosia. Theognosia akaacha maharage jikoni, akatangulia mlimani, nasi tukamfuata tukihema.

"Kaza mguu, mwanangu! Au nikubebe?"

Ndani, mgeni akamkodolea macho Mtakatifu Mamas, aliyechorwa ukutani amempanda simba. Uso upo, macho hayapo. Yamekwanguliwa hadi kwenye jiwe.

"Maadui hawa waliotuvamia!" akafoka. "Hawana haya!"

Mimi hapo huwa naitikia kwa kichwa. Adui hakosi kusingiziwa. Theognosia akadakia.

"Adui gani? Huyo ni bibi yangu, na kijiko chake! Nilikuwa mchanga, macho yamejaa usaha, sioni. Akakwangua ile chokaa ya macho ya mtakatifu, akaitia maji, akanipaka iwe dawa. Hapa kila nyumba ilifanya hivyo."

"Lakini bibi, mmempofusha mtakatifu!"

"Ndiyo," akasema, akimpangusa mtakatifu vumbi usoni kwa aproni. "Ndiyo maana kila asubuhi napanda kumwambia kulivyo huko nje."

Kisha akamgeukia yule wa ukutani, akashusha sauti kama anayeongea na mgonjwa.

"Zabibu zimeiva, baba. Na huyu mgeni wako kaja kanisani na kaptura."