Mtambo Usiojua Kubipu

Kila aliposifiwa kwa mtambo wa simu alioufunga kwenye kituo cha afya, Abdulrazak, fundi kompyuta wa Kilwa Masoko, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kituo kilitaka simu za dharura zipite kwenye intaneti, kwa programu huria, zile za bure ambazo fundi yeyote anaweza kuzifungua na kuzibadili. Baada ya kuchambua, zilibaki mbili. Ya kwanza ilipokea simu papo hapo kwa sauti nyororo ya kike: karibu, bonyeza moja. Ya pili haikuwa na mbwembwe. Ilitaka fundi akae aiandikie karibu kila kitu, ila ingeweza kuiacha simu ilie, ishike namba, kisha impigie mwenye namba. Abdulrazak akachukua ya kwanza, ili wakaguzi wakija wajue hapa pana fundi! Majivuno tu, na uvivu juu yake.

Na huyu ni mtoto wa kijiji cha Kikole, aliyekulia kwenye kubipu: simu ikilia mara moja unakata, mwenye salio anakupigia.

Mchana mmoja wa masika uchungu ulimshika Kidawa, binti wa shangazi yake, huko huko Kikole. Shangazi mwenyewe, Bi Maimuna, akabipu kituoni kama alivyozoea. Kabla hajakata, mtambo ukapokea, na visenti vyake vya kubipia vikaishia kwenye ile karibu. Hakuweza kubipu tena. Gari la wagonjwa halikuitwa, na hadi bodaboda inapatikana, mtoto alizaliwa hana uhai.

Baada ya mazishi Abdulrazak aliufumua mtambo wote, akaweka programu ya pili. Hakumweleza mtu sababu.

Juzi alikwenda Kikole, akamkuta shangazi yake anapepeta mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia siku hizi ukibipu kituoni wanakupigia. Allah akulipe." Ungo ukatulia. "Mjukuu wangu nimemuua mimi. Vocha tu ile, nikasema nitanunua kesho."

Abdulrazak alifungua kinywa amwambie. Maneno yote alikuwa nayo, ila aibu ikamshinda.

"Usiseme hivyo, shangazi," akasema. "Ni kudra ya Mungu."

Bi Maimuna akamshika mkono, akamshukuru kwa kumfariji.