Soda Niliyokwenda Nayo kwa Shangazi

Kwa miaka mingi tumbo langu ndilo lililokuwa bosi wangu. Nikila maandazi mawili asubuhi, mchana nimevimba, na jioni nimejikunyata kwenye kiti cha ofisi hapa Sumbawanga nikijifanya nasoma faili. Daktari aliponipima akaniambia mwili wangu haupatani na ngano. Niache chapati, mkate, maandazi na tambi, na kwa kuwa nilikuwa nimeanza kunenepa, nipunguze na sukari. Alisema hayo tu. Mengine yote niliyaongeza mwenyewe.

Mimi ni mtu wa kupenda makuu, nakiri. Nilianza kusoma maandishi madogo ya nyuma ya pakiti huku nimekunja uso. Nikahamia kwenye soda isiyo na sukari, ile ya kopo inayopitia mpakani Kasesya kutoka Zambia, na nikahakikisha ofisi nzima inajua. Baadaye nikawa nashuku kila kitu kinachoitwa unga. Wenzangu walinitania kwamba ugonjwa wangu una cheo kunizidi. Nilikuwa nacheka nao, lakini moyoni nilipenda kusikia hivyo.

Ndipo shangazi akanipigia simu. Ni dada wa marehemu baba, mjane asiye na mtoto, anaishi peke yake kijijini, ukishaiacha kidogo barabara ya Matai. Kwa kuwa nilifanana na baba, tangu utoto wangu aliniita "kaka". Alisema kutakuwa na misa ya kumwombea baba nyumbani kwake na wanajumuiya wote watakuja. Nikamwambia nitafika, ila asihangaike kunipikia kwa sababu unga unaniumiza tumbo.

"Unga wa mashine?" akauliza.

Nilikuwa na haraka. Nikasema ndiyo, unga, nikakata simu.

Siku ya misa nilikwenda na hotipoti ya viazi vya kuchemsha na makopo mawili ya soda.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo kila aliyekulia kwetu analijua. Sumbawanga tumesemwa nchi nzima kwa uchawi. Ukienda mkoa mwingine ukataja kwenu, watu wanakutania kwamba wasikukanyage mguu. Tunacheka, lakini tukirudi nyumbani tunaangalia sana sahani inatoka wapi. Ukipewa soda, italetwa imefungwa na itafunguliwa mbele ya macho yako. Aliyepika pombe huonja yeye kwanza. Na mtu anayekuja kwenye nyumba ya watu na chakula chake amekwisha kusema neno zito, hata kama hajafungua mdomo. Tena bibi mjane, asiye na mtoto, anayeishi peke yake, ndiye wa kwanza kunong'onwa. Yote hayo nilikuwa nayajua. Sikuyafikiria, kwa sababu kichwa changu chote kilikuwa kimejaa habari za tumbo langu.

Padre alipokwisha kuondoka, tulikaa uani kwenye mikeka. Shangazi akaleta ugali wa ulezi na kuku, kisha chungu cha kimpumu, ile pombe yetu nzito ya ulezi inayomiminiwa maji ya moto na kunywewa kwa mrija. Akapiga magoti, akavuta yeye kwanza, akafuta ncha ya mrija kwa kiganja na kunielekezea mimi. Katika ukoo wetu, wa pili kunywa ni ndugu wa damu. Wageni hungoja wamwone huyo amekunywa.

"Kaka, karibu," akasema.

Nikainua mkono. "Samahani shangazi, mimi nina changu."

Nikafunua hotipoti yangu. Nikafungua kopo, likatoa mlio wake, na watu wote uani wakageuka. Shangazi alibaki ameshika mrija. Mwishowe akasema "haya," akamwelekezea mama aliyekuwa karibu yangu. Yule mama akasema ameshiba, na alikuwa hajala hata tonge. Aliyefuata akasema anatumia dawa. Mimi nilikuwa natafuna kiazi. Nilimweleza hata mzee mmoja habari za ngano, bila kuulizwa, naye akaniitikia huku macho yake yako kwenye kopo langu. Nikadhani anaitamani soda.

Niliondoka jua likiwa bado juu. Wakati wa kuagana niliona viganja vya shangazi vina malengelenge. Sikuuliza.

Miezi miwili baadaye nilirudi kwa daktari. Akataka kujua nakula nini siku hizi, nikamsomea orodha yangu kwa fahari. Akaniangalia. "Na ulezi?"

"Ule nao si unga?"

"Ulezi hauna shida hiyo hata chembe. Wewe Mfipa mzima, ulikuwa unatafuta nini kingine?"

Nikatoka nimefurahi kama mtoto. Palepale getini nikampigia binamu yangu anayeishi jirani na shangazi, nimwombe aniwekee debe moja la ulezi. Badala ya kunijibu akasema, "Kaka, ulezi si ulikuwepo?"

Akanieleza yote bila kupandisha sauti. Shangazi alielewa kwamba kinachonidhuru ni unga wa mashine, kwa sababu mashine ya kijiji inasaga kila kitu, pamoja na ngano. Basi akaushusha ulezi wake ghalani, akauosha, akausaga kwa jiwe siku tatu, umri ule. Tangu siku ya misa, jumuiya imempa mtu mwingine kazi ya kuwapikia wageni. Akina mama waliokuwa wakimwachia watoto wakienda shamba hawawaachi tena. "Wanasema kama damu yake mwenyewe imeogopa, wao ni nani," binamu akamaliza.

Niliona aibu hadi nikakaa chini ukingoni mwa barabara, na suruali yangu ya ofisi. Aibu hiyo naiona hata sasa ninapoandika.

Jumapili nilikwenda. Nilikuwa nimepanga kila kitu: nitafika watu wakitoka kanisani, nitakaa uani wanione, nitakula ugali wa ulezi kwa mikono miwili na kumaliza chungu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Karibu, mgeni."

Kwa kawaida aliniketisha jikoni, kwenye kigoda karibu na moto. Safari hii aliniingiza sebuleni na kunipa kiti chenye mto. Nikaanza kuomba radhi, maneno yakanigongana. Nikasema nina njaa, nataka ulezi, na nataka kuula nje, uani, watu wanione. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ukila leo," akasema, "na wiki ijayo ukashikwa hata na mafua, watasema ni mimi. Chakula changu hutakula tena, mwanangu. Si kwamba nimekasirika."

Akaingia chumbani, akarudi na kopo la soda isiyo na sukari, ileile ya kwangu. Alikuwa amemtuma mtu wa bodaboda mpaka Matai kulitafuta, binamu alipomwambia ninakuja. Alilibeba juu ya sahani, kwa kitambaa, bila kulishika kwa mkono. Akaiweka sahani mezani, akarudi nyuma na kusimama karibu na mlango ulio wazi, mahali ambapo waliokuwa wakipita njiani kutoka kanisani waliweza kumwona.

"Fungua mwenyewe," akasema.

Nikafungua. Ule mlio niliusikia safari hii kama walivyousikia wao siku ile, nikanywa lote, shangazi akinitazama kwa mbali.