Bakkie Kuukuu kwa Jina Langu

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu. Harufu ya plastiki mpya. Nilikuwa nimekaa ndani ya bakkie nyeupe, pickup ya kubebea mizigo, kwenye duka la magari hapa Durban, mwaka uliofuata lile Kombe la Dunia la Afrika Kusini, na viti vilikuwa bado vimevaa nailoni. Nilishika usukani kwa mikono miwili. Usiniulize kama niliipenda. Niliipenda sana, na waliosema baadaye kwamba Mama Neema hapendi vitu vizuri walinisingizia.

Umekuja kuniuliza ununue bakkie mpya au iliyotumika. Nami nimeona ulivyotazama pembeni nilipokuuliza itaandikwa jina la nani. Basi kaa, unywe chai, maana jibu langu ni refu kidogo.

Wakati ule nilikuwa nauza sombe, yaani kisamvu, mihogo na ndizi za kupika pale Albert Park, chini ya maghorofa tuliyokuwa tunaishi. Kila alfajiri nilikodi bakkie ya mtu kwenda soko la jumla. Mwenyewe akilala, na biashara yangu inalala. Akinuna, nafika sokoni wenzangu wameshachagua, nami naokota majani yaliyosinyaa. Kuna asubuhi alipata mteja wa kuhamisha makochi, akaniacha kwenye kona na viroba vitupu. Nilikuwa nalea watoto kwa ile sombe. Nikaapa kwamba sitangoja tena hisani ya mtu ili watoto wangu wale.

Sisi akina mama wa Kongo tulikuwa na likelemba, mchezo wa kuchangiana ambao kila mmoja hupokea kwa zamu. Zamu yangu ikafika. Na desturi yetu ilikuwa hivi: ukishapokea, unaonyesha ulichonunua. Wenzako wanakuja na vitenge vyao, wanakizunguka, wanakiimbia, wanamwaga soda kidogo chini, ndipo kitu kinahesabiwa kuwa na baraka. Ni desturi nzuri, sitaisema vibaya. Ila ina mtego wake, kwa sababu mtu huanza kutafuta kitu kitakachoimbiwa badala ya kitu anachokihitaji.

Fedha zangu zilitosha kimoja kati ya viwili: malipo ya kwanza ya bakkie mpya, au bakkie kuukuu nzima. Mkopo wa benki, kwa karatasi ya ukimbizi inayokwisha kila baada ya miezi michache, usingeupata hata ukilia. Lakini watu wetu walikuwa na dawa yao. Unatafuta mtu mwenye kitambulisho cha nchi, gari linaandikwa kwa jina lake, wewe unalipa kila mwezi. Mimi nilipewa Papa Justin, mzee wa kanisa letu, aliyekuwa ameoa mwenyeji wa hapa na kupata kitambulisho zamani. Alikuwa mtu mpole, na hakutaka hata senti yangu.

Sasa turudi dukani. Muuzaji alikuja na ufunguo ili tuijaribu barabarani. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani, permis yangu, leseni ya udereva, ndani ya mkoba. Akanipita kana kwamba kiti ni kitupu, akazunguka upande wa pili, akampa Papa Justin, aliyekuwa amekaa kando yangu, ufunguo mkononi.

"Mama Neema, sogea kidogo," Papa Justin akaniambia kwa upole wake. "Mimi njo nitasaini, ni mimi njo naendesha."

Nikatoka ndani ya lile gari, nikasimama kando yake.

"Papa Justin, siku utakasirika na mimi, hii gari itaenda kwa nani?"

"Mimi nikukasirikie? Weye ni dada yangu katika Bwana."

"Na siku utakufa?"

"Eish, mama! Unaniombea kifo mbele ya batu?"

"Hapana, papa. Ila siwezi kununua gari yenye itakufa pamoja na mutu mwingine."

Nikarudi nyumbani kwa miguu, mwanangu, nimejaa hasira. Hasira yenyewe sikuielekeza kwa Papa Justin. Niliwakasirikia wote walioniona nimeshika usukani na bado wakaona kiti kitupu.

Habari ilinitangulia. Mama Salome, mkubwa wa likelemba, mwanamke aliyenipokea nilipofika mji huu na kunilaza kwenye godoro lake, alinijia akiwa amefura.

"Tulikuchangia juu utoke katika taabu," akasema. "Sasa unataka kutuletea occasion, gari yenye wengine walishachoka nayo, ya kutu? Batu watasema nini juu yetu? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Mama Neema. Mule mimi sitapanda, na hakuna mutu ataimba."

"Basi sitaimbiwa, mama," nikamjibu. Nilimheshimu na bado namheshimu. Lakini nilikuwa nimeshafunga kitambaa changu kichwani, na wakati wa kuogopa ulikuwa umekwisha.

Kiwanda kimoja kule Mobeni kilikuwa kinauza magari yake ya zamani. Nilikwenda asubuhi na mapema, kabla mtu hajaiwasha bakkie, nikaweka kiganja juu ya boneti kuhakikisha ni baridi. Gari lililopashwa moto kabla hujafika, mwanangu, linaficha jambo. Nikaja na fundi niliyemlipa mwenyewe, akalala chini yake, akatoka na kusema injini ni nzima na kutu haijafika kwenye mifupa. Ilikuwa ya bluu, ubavu umebonyea, na mlango wa abiria ulikuwa haufunguki ila kutoka ndani. Nikalipa yote. Karatasi yangu ya ukimbizi, iliyoshindwa kuniletea mkopo, ilitosha kuandikisha gari nililokwisha kulilipia. Foleni ilinichosha siku kadhaa, nikatukana kimoyomoyo, nikaomba msamaha kwa Mungu, nikapanga tena. Jina likaandikwa: langu.

Nilipoileta Albert Park, wenzangu walisimama barazani mikono kifuani. Mmoja akauliza kama nimenunua gari au kabati. Hakuna aliyeimba. Nikafungua soda yangu, nikaimwaga chini mwenyewe, nikapiga kigelegele changu peke yangu mpaka madirisha ya ghorofani yakafunguka. Wacheke, nilisema. Kesho sombe yangu itafika mapema kuliko zao.

Na ilifika. Ilifika kesho yake na kila siku iliyofuata.

Ile bakkie nyeupe nayo haikukosa mwenyewe. Aliichukua mdogo wangu Eric, kwa jina lile lile la Papa Justin. Alikuwa akiishi mtaa wa Point na kufanya kazi ya kuhamisha vyombo vya watu. Nilimkataza. Akanicheka: "Dada, weye unapenda kuteseka." Akina mama wa likelemba wakamwimbia kwa sauti ambayo ilinifikia jikoni. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Alilipa miaka miwili bila kukosa mwezi, na Papa Justin hakumsumbua hata mara moja. Alikuwa mtu mwema, nakwambia tena. Kisha moyo wa Papa Justin ukasimama akiwa kazini.

Ndugu za mkewe wakakusanya kila kilichoandikwa jina lake, na sheria ilikuwa upande wao. Eric akawaonyesha risiti zake zote. Wakamjibu kwa adabu: "Asante kwa kumsaidia shemeji yetu." Walishusha kitanda na friji ya mteja kwenye kijia pale Point, wakaondoka na gari. Alinipigia simu, nikamkuta amekaa juu ya kile kitanda, mtu mzima, analia. Sikumwambia kwamba nilimkataza. Tulipakia vyombo kwenye bakkie yangu ya bluu, tukavifikisha vilikokuwa vinakwenda. Njia nzima nilikuwa na uchungu ambao hata leo haujaniisha.

Siku ya kumaliza matanga ya Papa Justin walihitaji gari la kubeba masufuria na viti vya kanisa. Bakkie nyeupe ilikuwa imeshauzwa mbali. Nikaja na kabati langu. Akina mama wakapanda nyuma. Mama Salome akaja hadi kwenye mlango wa abiria, akavuta kishikio, kikagoma. Akavuta tena. Akaniangalia kupitia kioo.

"Neema," akasema, "nifungulie."

Nikanyoosha mkono, nikamfungulia kutoka ndani. Alipanda, akaweka mkoba wake mapajani, akapigapiga dashibodi yangu iliyopasuka. Tulipofika kwenye robot ya kwanza, taa za barabarani, akaanza kuimba polepole, na wale wa nyuma wakaitikia. Wimbo ule ule walioninyima.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, nami naisema waziwazi. Mpya ni nzuri. Ukiweza kuinunua kwa mkono wako na jina lako, inunue, nami nitakuja kukuimbia mpaka sauti inikauke. Usipoweza, nunua kuukuu: fika injini ikiwa baridi, leta fundi wako, lipa uondoke. Lakini usiendeshe gari la jina la mtu, hata mtu huyo awe malaika, kwa maana malaika naye huondoka. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Wakikuambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, waambie unamjua mwanamke aliyekataa kusikia, na guu lake ni hili hapa, zima, bado linakanyaga klachi. Na mimi mwenyewe sasa ni mkuu, kwa hiyo nikikushauri siku moja ukae kimya ili watu wakusifu, usinisikie mimi pia.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akupe kilicho chako, hata kikiwa na mlango unaofunguka kwa ndani tu. Na siku watakapokataa kukuimbia, akupe pumzi ya kupiga kigelegele chako mwenyewe.