Kompyuta ya Sita

Nilipokuwa nafundisha kompyuta katika sekondari moja ya Kibiti, niliandika programu ya kutunza kumbukumbu za zahanati. Kila nikibadilisha kitu, laptopu yangu ilianza upya kutafsiri maelfu ya mistari niliyoandika iwe lugha ambayo mashine inaielewa. Nikiianzisha baada ya adhuhuri, adhana ya alasiri ilinikuta bado nasubiri.

Wakati wa likizo nikajiuliza: kwa nini ihangaike peke yake, na maabara ina kompyuta zimekaa bure? Nikaunganisha tano kwa waya. Kila moja ikatafsiri mafaili yake na kuyarudisha kwangu, na kazi ikaisha kabla chai yangu haijapoa. Kwa tamaa nikaongeza ya sita. Kazi ikaenda mbio zaidi, ila programu ya zahanati ikawa inafunguka na kuzimika papo hapo.

Mwalimu wa baiolojia, mama wa Kimatumbi, alikuwa anasahihisha mitihani pembeni, nikamweleza kilichotokea.

"Hizo tano zilikuja pamoja?" akauliza.

"Ndiyo, madam."

"Na hiyo uliyoongeza?"

"Hiyo ilitoka ofisi moja ya Ikwiriri."

"Sasa umeiuliza inatafsiri kwa kamusi gani?"

Nilicheka, kisha nikaenda kuikagua. Programu yake ya kutafsiri ilikuwa ya zamani kuliko ya zile tano, kwa hiyo vipande vyake havikuoana na vya wenzake. Nikaibadilisha ikawa sawa na ya wenzake, nikaanza tena, na safari hii programu ya zahanati ikafunguka na kutulia.

Madam akaweka kalamu chini, akavuta kiti. "Haya, nionyeshe ipi imetafsiri nini."