Waya Niliouweka kwenye Swichi ya Mlango

Binti yangu hufundisha kompyuta chuoni. Mwaka jana nikiwa kwake Membley alinifundisha somo lake la kwanza la muhula, aone kama mzee wa kidato cha nne ataelewa.

Alianza na watu wa kale waliobishana ni lini jambo moja linafuata kutokana na jingine. Baada ya karne nyingi akaja mwanahisabati aliyezigeuza hoja kuwa hesabu: kweli ni moja, uongo ni sifuri, na maneno kama "na", "au" na "si" yakawa alama za kukokotoa. Halafu mwanafunzi mmoja wa uhandisi akaona kwamba swichi za umeme zinaweza kufanya hesabu ileile. Kompyuta ni hayo tu, alisema, yakirudiwa kwa kasi.

"Baba, si hii ndiyo kazi uliyokuwa ukifanya Thika?"

Ndiyo. Nilikuwa fundi mkuu wa umeme katika kiwanda cha makopo. Mashine ya kukata vifuniko haikukata mpaka kitufe kibonyezwe na mlango wake ufungwe. Nilimuuliza ingekuwaje kama swichi ya mlango ingedanganywa.

"Mashine haijui mlango, Baba. Inajua swichi. Ukiiambia uongo, itafikiri sawasawa mpaka kwenye kosa."

Alikuwa akicheka. Mimi nilishindwa kumaliza chai.

Swichi ile ilikuwa inasumbua, inasimamisha kazi bure, na msimamizi ananipigia kelele. Asubuhi moja nikaunganisha ncha zake kwa kipande cha waya, mashine ikaona mlango umefungwa wakati wote. Mafundi wengi tulifanya hivyo. Tuliita kuitibu mashine. Sikumwambia mtu. Kabla ya saa sita bati lilikwama, na mama mmoja aliyetoka Vihiga akafungua mlango kama alivyozoea, akijua mashine itasimama, akaingiza mkono. Vidole vitatu vikaenda.

Mkaguzi alipofika, waya ulikuwa mfukoni mwangu. Aliniuliza kama swichi ilikuwa nzima, nikasema ndiyo, nikamfungulia mlango, na mashine ikasimama mbele ya macho yake. Ripoti ikasema mama alisinzia, akapenyeza mkono pembeni. Akafukuzwa. Mimi nilistaafu kwa keki na hotuba.

Wiki iliyofuata somo lile nilimtafuta yule mama, nikamkuta kwenye soko la Witeithie akiuza mboga. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Aliendelea kupanga nyanya.

"Ule mlango niliufungua mwenyewe, fundi. Ulidhani sijui nilichofanya?"

Nikaomba msamaha. Akasema mumewe alizikwa akiamini ripoti. Mama mkwe bado yuko, na kila yeye akienda nyumbani, mama mkwe huficha visu mbele ya wageni, anasema huyu asije akamaliza na vidole vilivyobaki. Wageni hucheka. Yeye pia amejifunza kucheka.

"Pole yako sina pa kuiweka," akasema. "Mwambie yeye."

Akapiga simu, akazungumza kidogo kwa lugha ya kwao, akanipa. Sauti ya bibi kizee ikauliza mimi ni nani. Nikamwambia kazi niliyokuwa nikifanya, nikaeleza waya, mlango, na mkwe wake ambaye hakusinzia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa, mzee," akasema, "wakati ule hakuna mtu aliyekuuliza?"

"Niliulizwa," nikamwambia.