Mti wa Mpaka na Kiapo cha Baba

Sisi tuliokulia katika vibanja vya Muleba, siku ambazo mtoto alijua kuchagua jani la kufunikia ndizi chunguni kabla hajajua kuandika jina lake, tunasimuliwa mengi siku hizi kuhusu baba zetu. Tunaambiwa walikuwa wanaume wa chuma, hawakucheka, hawakuyumba, wala hawakumwomba mtu radhi. Wanaosimulia hayo wengi hawakuwaona. Mimi nilimwona mmoja kwa macho yangu, kwa hiyo nitaandika habari za huyo tu.

Nyumba yetu ilikuwa juu ya mteremko, na asubuhi isiyo na ukungu tuliweza kuona kisiwa cha Bumbire kikiwa kimelala juu ya ziwa. Tulikwenda shule pekupeku, kila mmoja na kuni zake begani, na miguu ilipopata ganzi kwa umande tulisimama pale ng'ombe walipolala ili ipate joto. Msimu wa senene, panzi wetu wa kukaanga, tulirudi na mifuko ya kaptula imejaa, mama akitukaripia kwa ajili ya mifuko huku akiweka kikaango motoni. Mpira wetu ulikuwa majani makavu ya mgomba yaliyofungwa kwa kamba za mgomba huohuo. Lakini raha iliyozidi zote ilikuwa kuteleza. Mvua ikinyesha, tulikata kipande cha shina la mgomba uliokwisha kutoa mkungu, tukakikalia, tukashuka nacho mteremkoni tukipiga kelele hadi karibu na bonde.

Siku moja, nikiwa na umri wa miaka tisa, shina langu lilikataa kufuata njia. Nikaugonga omulamula, mti mwembamba ambao kwetu hupandwa kuonyesha mwisho wa kibanja cha mtu na mwanzo wa cha mwenzake. Ukakatika karibu na ardhi.

Nilijua mti huo hushika hata ukichomeka tawi lake. Nikafukia kisiki, nikachukua kipande kilichovunjika, nikatafuta mahali pa kukichomeka. Pale palipokuwa na kisiki palikuwa na mawe. Hatua sita chini yake, upande wa jirani, udongo ulikuwa laini. Nikachomeka hapo, nikanawa mikono, nikaenda kula. Mvua ilikuwa nzuri mwaka ule. Mti ukashika.

Kona ile ilikuwa nyasi tupu, na jirani yetu, Mzee Ishengoma, alikuwa Bumbire kwa shughuli za uvuvi. Baba akafyeka nyasi, akapanda migomba hadi ulipo mti. Misimu ikapita. Mzee Ishengoma aliporudi kwake, mgomba wa mwisho ulikuwa tayari na mkungu ambao hata wapita njia waliusifu.

Hakuja nyumbani. Alilisema neno lake Jumapili, nje ya kanisa, watu wakiwa wanasalimiana.

"Jirani, ule mti wetu siku hizi una miguu?"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kawaida, lakini siku ile ilisikika hadi barabarani: "Sijaugusa mti ule! Kama niliugusa mimi au mtu wa nyumba yangu, asiwepo wa kunisalimia tena katika kijiji hiki."

Wazee wakapanga kuja kukagua mpaka Jumamosi. Wiki nzima nilipita njia ya mbali ili nisiuone mti ule. Kwetu, mtu asiyesalimiwa hana tofauti na aliyezikwa; hakuna anayemwita kwenye pombe, msiba, wala posa. Ijumaa alasiri nilimkuta baba akinoa panga, nikamwambia mti niliuhamisha mimi.

Akaendelea kunoa kidogo. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia, tata. Nilifanya."

"Nionyeshe."

Tukashuka. Nilimwonyesha penye mawe, akafukua kwa mikono. Kisiki kilikuwapo, kimeoza, mizizi yake imekaa palepale ilipowekwa na babu yake. Akainuka, akahesabu hatua hadi penye mti, akarudi. Nilikuwa nimejiandaa kwa fimbo.

"Utanipiga, tata?"

"Nikikupiga mti utarudi?"

Tulipofika nyumbani mama alikwisha kuelewa kwa kututazama tu. Alikuwa mwanamke mwema, na alichokisema kingesemwa na wengi. "Kifukieni. Nani aliyeona?"

"Mimi nimeona," baba akajibu.

"Basi sema ni mtoto. Mtoto anasamehewa."

"Mtoto alivunja mti, mke wangu. Aliyeapa ni mimi."

Asubuhi yake walikuja watu kumi na mmoja. Niliwahesabu kwa sababu nilitamani wapungue. Baba alikuwa amevaa koti la kanisani. Hakungoja wazee wafungue kikao. Alivua kofia, akasimama juu ya kisiki alichokiacha wazi, akasema kwa sauti ileile aliyoapia:

"Mzee Ishengoma, wewe ulisema kweli. Mimi nilisema uongo. Sikujua kuwa ni uongo, lakini niliusema kwa nguvu kabla sijaja kutazama. Mti umehamishwa na mtu wa nyumba yangu. Nimekosa."

Mkono wake ulikuwa begani kwangu. Alikuwa ameniegemea kama mzee anavyoegemea mkongojo. Hilo sikusimuliwa, nililibeba begani.

"Kwa hiyo tusikusalimie?" akauliza Mzee Ishengoma. Kuna aliyeguna kwa kicheko.

"Hilo ni lenu. Langu nimelisema."

"Na migomba hii?"

"Iko kwako. Ni yako pamoja na mkungu ule."

Mzee Ishengoma akautazama mkungu, akamtazama baba, kisha akanitazama mimi mpaka nikainamisha kichwa. Halafu akamgeukia baba na kumsalimia kwa Kihaya salamu ya asubuhi, pole pole, neno kwa neno, kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Baba akaitika. Wale wengine wakamsalimia mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyekuwa na haraka. Nilikuwa nimeona watu wakipiga magoti kanisani kila Jumapili, lakini sikuwahi kuhisi nilichohisi siku ile katikati ya migomba, nikimtazama mtu aliyejishusha mbele ya wote akazidi kuwa mrefu.

Leo mjukuu wangu mmoja, kijana wa Bukoba mjini, anafuata mafunzo ya uanaume kwenye simu. Anaamka alfajiri kuoga maji ya baridi na kuniarifu kwamba hiyo ni nidhamu. Nami namwambia kwamba sisi tulioga hayohayo kwa kuwa hayakuwapo mengine. Ananyanyua vyuma, ndevu anazipaka mafuta, na mwalimu wake wa simu, ambaye hajamwona hata siku moja, amemfundisha kwamba mwanaume halisi haombi radhi. Nilimuuliza mjukuu, mwalimu huyo kayajulia wapi? Akasema ana wafuasi wengi.

Ningependa kumcheka zaidi, lakini nina la kwangu. Mwanangu mkubwa anaishi kata ya Bakoba, hukohuko Bukoba mjini. Zamani kidogo nililetewa maneno kwamba ameitelekeza familia yake. Niliyaamini, mimi niliyesoma na kufundisha watoto wa watu kupima ushahidi, nikamkemea mbele ya wakwe zake, nimesimama. Baadaye nilikwenda mwenyewe, nikaona kwa macho kwamba yalikuwa uzushi mtupu. Ilinichukua karibu mwaka mzima kulitamka neno ambalo baba yangu, aliyeishia darasa la pili, alilitamka asubuhi iliyofuata baada ya kukiona kisiki. Na nilipolitamka, nilitumia simu, nikiwa chumbani peke yangu, mlango nimeufunga.

Mwanangu aliniambia, "Yamekwisha, tata." Wakwe zake hawakusikia.