Meza Iliyogeuzwa Getini pa Bandari

Saa moja asubuhi, Tseng Mei-chu ameketi kwenye kibanda cha vioo juu ya winchi, katika bandari ya Kaohsiung, ameinama kutazama chini mpaka shingo inamuuma. Kontena la kijani linapanda taratibu kutoka tumboni mwa meli. Huko chini matrela yamepanga foleni hadi barabara ya viwanda vya chuma.

"Kaka, usinipigie honi," anamwambia dereva mmoja kwa simu ya upepo. "Nikiharakisha utalibeba kichwani."

Dereva anacheka. Kontena linatua kwenye trela bila kishindo.

Mei-chu ana miaka arobaini na saba, na ameifanya kazi hii tangu ujana wake. Alizaliwa papa hapa, katika kijiji cha wavuvi cha Shawei, kilichobomolewa bandari ilipopanuliwa. Meli ziliongezeka, viwanda vikazifuata meli, reli ikavifuata viwanda, na wavuvi wakahamishiwa maghorofani.

Yeye hana kinyongo. Mshahara wa bandari umemsomesha mdogo wake na kumtoa mama yake mtoto wa jicho. "Naishukuru bandari, tena bila aibu," anasema.

Mama yake, Bi Wu Chin-lien, mwenye miaka themanini na moja, alikuwa na yake moyoni. Tangu wahame alikataa katakata kukanyaga bandarini. Binti akimletea samaki, yeye alimnusa kwanza.

"Huyu ananuka dizeli," alisema, kisha akamla akammaliza.

Ndugu walicheka, na Mei-chu alicheka nao, lakini lilimchoma. "Nilitaka neno moja tu kutoka kwake," anasema. "Aniambie kwamba sikuwasaliti watu wetu."

Mwaka jana, kosa lake mwenyewe ndilo lililomletea neno hilo. Katika mwezi wa saba wa kalenda ya wazee, marehemu wanapotoka kutembea, wafanyakazi huwaandalia meza ya vyakula getini. Safari hiyo ilikuwa zamu ya Mei-chu kuipanga. Aliweka kuku, bata, supu, wali na pombe, akaielekeza meza baharini kwa ajili ya mabaharia waliozama. Mchana, kabla shughuli haijaanza, akamtumia mama yake picha akitarajia sifa.

Simu ikaita papo hapo.

"Meza inaangalia wapi?"

"Baharini, mama."

"Kwani babu yako yuko baharini?"

Mei-chu akageuka nyuma. Shawei ilikuwa upande wa pili, mahali penye yadi ya kontena leo. Watu wao wote walikuwa wamepewa mgongo.

"Ubani msiwashe," mama akasema. "Nakuja."

Akaja kwa teksi, ndala miguuni. Mlinzi alimwomba kitambulisho.

"Nimezaliwa hapo ulipoegesha pikipiki yako, mwanangu. Unataka kitambulisho gani tena?"

Madereva wanne wakaibeba meza na kuigeuza, bibi akiwasimamia. "Polepole na hiyo supu, nyie. Kwenu hamna wazee?"

Ubani ulipowashwa, akatoa mfukoni vipande viwili vya mbao vyenye umbo la nusu mwezi, vya kuwauliza marehemu. Akanong'ona, akavitupa chini. Kimoja kililala kifudifudi, kingine chali. Jibu lilikuwa ndiyo.

"Wameshiba?" Mei-chu akauliza.

"Kushiba watashiba tu, kwa chakula chote hiki. Nimewauliza kama wameiridhia kazi yako."

Mei-chu anasema alilia mbele ya madereva wote, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Mwakani waendesha winchi watahamia kwenye chumba cha skrini na kuziendesha winchi wakiwa mbali na gati. Hilo halimtishi, anashukuru mgongo wake utapumzika. Ila kabla hajakiaga kibanda chake cha vioo, ana jambo moja analotaka kulitimiza. Ameuomba uongozi ruhusa ya kumpandisha mama yake juu kwa lifti, walau mara moja, na wiki iliyopita walikubali.

"Huko juu nikaangalie nini?" mama yake alimuuliza.

"Pale lilipokuwa paa letu, mama. Panaonekana vizuri."

Bi Chin-lien akauliza:

"Choo kipo huko juu?"

"Hakuna."

"Basi siku hiyo sinywi chai."